Somo: Bastola ya kuficha na bastola ya wazi Texas, mstari wa sheria umepita wapi

Anayehamia Houston au Dallas haikawii kuambiwa kwamba "Texas kila mtu anabeba bastola bila leseni". Nusu ya maneno hayo ni kweli. Nusu ya pili ndiyo inayomfikisha mtu mahakamani, kwa hiyo twende hatua kwa hatua.

Kwanza historia kidogo, maana ushauri mwingi unaozunguka ni wa sheria zilizokwisha kubadilika. Leseni ya kubeba bastola iliyofichwa ilianza 1996. Wakati huo bastola kuonekana ilikuwa balaa, hata watu wakaogopa kuinama dukani. Mwaka 2013 maneno ya sheria yalilegezwa: kosa likawa kuionyesha kwa makusudi. Tarehe 1 Januari 2016 wenye leseni waliruhusiwa kuibeba wazi, mradi iwe kwenye holsta, yaani ala ya kuvalia bastola, ya mkanda au ya begani. Kisha tarehe 1 Septemba 2021 leseni ikaacha kuwa sharti la kubeba, wazi au kwa kuficha.

Hatua ya 1: Hakikisha wewe mwenyewe unaruhusiwa

Sheria ya jimbo haikuokoi kama sheria ya shirikisho inakukataza kumiliki silaha. Mwenye hukumu ya kosa kubwa la jinai, au hata kosa dogo la kumpiga mwenza wa nyumbani, amekatazwa. Texas nayo inaongeza yake: hukumu ya ndani ya miaka 5 kwa makosa kama kumjeruhi mtu, kutishia kwa vitendo vya kigaidi au kuonyesha silaha hadharani ili kutisha watu, inakunyima ruhusa ya kubeba bila leseni. Kuhusu umri, kifungu bado kimeandikwa miaka 21, ingawa mahakama ya shirikisho ilikibatilisha 2022 kwa wenye miaka 18 hadi 20 na jimbo likaondoa rufaa yake.

Hatua ya 2: Holsta

Hapa ndipo mstari wenyewe ulipo. Bastola ikiwa imefichwa kabisa, sheria haiulizi imekaa ndani ya nini. Ikianza kuonekana mahali pa watu, hata kipande cha mpini tu, lazima iwe ndani ya holsta. Tangu 2021 holsta yoyote inakubalika: ya kiunoni, ya kifuani, ya mguuni.

Kosa la kawaida ni kuichomeka kiunoni kati ya suruali na mwili. Shati likishuka, umeficha, huna kosa. Ukinyoosha mkono kuchukua unga rafu ya juu, shati linapanda, na sasa bastola inaonekana bila holsta. Utajitetea kwamba hukukusudia, na huenda ukasikilizwa, lakini utetezi huo utautoa baada ya kukamatwa. Adhabu ya kubeba kinyume cha sheria kwa kawaida ni ya kosa dogo la daraja A: jela hadi mwaka 1, faini hadi dola 4,000, au vyote viwili.

Mkoba wa mkononi una tatizo lilelile. Ukiufungua kutafuta simu na bastola imelala juu ya pochi, holsta ndiyo kinga yako. Tena chagua inayofunika kifyatulio chote, kwa maana funguo na kalamu vimewahi kufyatua bastola zilizotupwa ovyo kwenye mikoba.

Umbo la bastola kujichora chini ya shati si kosa Texas. Ukiishika au kuivuta ili mtu aogope, hilo ni jambo jingine kabisa, holsta au bila holsta.

Hatua ya 3: Ndani ya gari

Kwenye kisanduku cha dashibodi au chini ya kiti, haionekani, hakuna shida. Kwenye kiti cha abiria bila holsta, inaonekana kupitia kioo: ni kosa, hata kama gari ni lako.

Jambo linalosahaulika ni shule. Sheria ya shirikisho inakataza silaha ndani ya futi 1,000, karibu mita 300, kutoka kwenye uwanja wa shule. Mwenye leseni ya jimbo lile ameondolewa katazo hilo. Asiye na leseni hajaondolewa, labda bastola iwe haina risasi na imefungiwa kwenye kasha lenye kufuli. Hesabu shule zilizo kati ya nyumbani kwako na kazini uone.

Hatua ya 4: Soma mlango kabla ya kuingia

Mabango matatu, kila moja linaitwa kwa namba ya kifungu chake katika sheria ya jinai ya Texas, na kila moja lina watu wake:

- 30.05 linamkataza asiye na leseni. Mwenye leseni bado anaweza kuingia, bastola ikiwa imefichwa au iko kwenye holsta.
- 30.06 linamkataza mwenye leseni anayeficha.
- 30.07 linamkataza mwenye leseni anayebeba wazi.

Duka likiweka 30.07 peke yake, mwenye leseni hufunika bastola kwa koti akaingia. Yakiwekwa 30.06 na 30.07 pamoja, iache garini. 30.06 na 30.07 lazima ziwe na maneno ya sheria yenyewe kwa Kiingereza na Kihispania, herufi za urefu usiopungua inchi 1, rangi zinazopingana. Kijibango chenye picha ya bastola iliyokatwa mstari hakitimizi masharti hayo kwa mwenye leseni, ila kwa asiye nayo kinaweza kutosha kabisa kuwa onyo.

Kupita bango ni faini isiyozidi dola 200. Ukiambiwa kwa mdomo "toka" ukabaki, kosa linapanda hadi daraja A. Hata kama bango lao lina kasoro, ukiambiwa toka, toka. Mabishano ya inchi 1 ya herufi hayafanywi mlangoni.

Kuna pia sehemu ambazo jimbo lenyewe limezikataza: shule, mahakama, vituo vya kupigia kura, eneo la ndani ya ukaguzi wa uwanja wa ndege, michezo ya shule na ya kulipwa, na baa inayopata asilimia 51 au zaidi ya mapato yake kwa pombe inayonywewa hapohapo. Hiyo ya mwisho hubandika bango lenye "51%" kubwa jekundu. Na popote ulipo nje ya nyumba na gari lako, kubeba ukiwa umelewa ni kosa.

Hatua ya 5: Chukua leseni hata kama si lazima

Ada ni dola 40, darasa saa 4 hadi 6, mtihani wa kuandika, kisha risasi 50: 20 kutoka yadi 3, 20 kutoka yadi 7, 10 kutoka yadi 15. Alama kamili ni 250, unapita kwa 175. Wanaoanguka mara nyingi huvuta kifyatulio kwa pupa. Muda unaotolewa ni wa kutosha, hakuna haja ya mbio. Leseni ya kwanza inadumu miaka 4. Ukiwa nayo unavuka bango la 30.05, unapita karibu na shule, na unaweza kubeba kwenye vyuo vikuu vya umma katika maeneo ambayo chuo hakikuyazuia. Chuoni lakini ni kwa kuficha tu. Huko kubeba wazi kumebaki marufuku.

Maswali ya wanachama

*Swali (Houston): Mwalimu, mimi nipo kwa viza ya mwanafunzi, naweza kubeba?*

Ndugu yangu, kwako swali la wazi au kuficha halijafika bado. Sheria ya shirikisho inawakataza walioingia kwa viza za muda, za wanafunzi zikiwemo, hata kumiliki, isipokuwa kwa vighairi vichache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa. Na kumbuka hukumu ya kosa la silaha ni sababu ya kufukuzwa nchini, hata kwa mwenye kadi ya kijani. Muone wakili wa uhamiaji kabla hujagusa silaha yoyote.

*Swali (Fort Worth): Bosi amekataza bastola kazini. Naweza kuiacha kwenye gari langu?*

Kwa waajiri wengi, ndiyo: gari lako binafsi, limefungwa, kwenye maegesho ya kazi. Ndani ya jengo anayo haki ya kukataza. Gari la kampuni halihesabiki, na shule na baadhi ya mitambo ya kemikali na mafuta ina kanuni zake.

*Swali: Kanisani je?*

Kanisa ni kama duka. Hakuna bango wala katazo la mdomo, unaingia. Muulize mchungaji kwanza, ni adabu.

*Swali (Dallas): Kaka, naendesha kwenda Chicago kwa harusi. Leseni yangu ya Texas inafika?*

Oklahoma na Missouri huna shida. Ukikaribia mto Mississippi pale St. Louis, simama upande wa Missouri. Toa magazini (kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini), hakikisha chemba (tundu la risasi nyuma ya mtutu) ni tupu, bastola kwenye kasha la kufuli, risasi kando, vyote kwenye buti. Illinois haiitambui leseni ya Texas na imekataza kubeba wazi kabisa. Angalia pia magazini yako: sheria yao ya 2023 inakataza ya bastola yenye zaidi ya risasi 15, na bastola nyingi za kawaida huja na ya 17. Kama ni ya harusi tu, iache kwa mtu unayemwamini hapo Dallas.