Kumfundisha mtoto kusubiri na kutulia: mambo ya kufanya nyumbani

Sehemu ya ubongo inayotuzuia kunyakua na kuropoka iko nyuma ya paji la uso, nayo ni ya mwisho kukomaa: huendelea kujengeka hadi miaka 25 hivi. Kati ya miaka 3 na 5 hupiga hatua kubwa. Kwa hiyo mtoto wa miaka 3 anayeshindwa kusubiri mara nyingi si mkaidi. Agizo amelielewa, hata kulirudia anaweza, ila mkono umeshatangulia.

Anza na namna ya kumwagiza. Unakaanga samaki aina ya migebuka uani, mafuta ya mawese yanachemka, mtoto anasogelea jiko. "Usiguse" haimwambii afanye nini. Sema, "Kaa kwenye mkeka, shika mwiko huu." Agizo liwe moja, ulitoe akiwa anakutazama, kisha hesabu kimoyomoyo hadi tano kabla ya kurudia. Lakini usalama wa mtoto wa umri huu usiuachie maneno: jiko liwe mahali asipofika.

Mazoezi bora ni mchezo wa simama-kaa, dakika 5 kila siku. Siku za mwanzo cheza kawaida. Akizoea, geuza: ukisema "simama" akae, ukisema "kaa" asimame. Hapo ndipo ubongo unapofanya kazi, maana lazima azuie jibu lililozoeleka na kushika kanuni mpya. Baada ya wiki ongeza "ruka", maana yake agande. Wengi huharibu kwa kumtoa anayekosea. Anayekosea ndiye anayehitaji zamu nyingi zaidi. Mbakize, punguza kasi. Kuanzia miaka 7 hivi mwingize kwenye bao, na kabla hajagusa kete aseme ataishia shimo lipi.

Kusubiri kwenyewe kuanze na dakika 2. Dakika hazionekani, kwa hiyo mpe alama: "kivuli kikifika kwenye jiwe hili." Na ukiahidi kumletea muwa ukirudi kutoka Kibirizi, mjini Kigoma, ulete kweli. Mtoto aliyedanganywa mara kwa mara hana sababu ya kusubiri. Kunyakua kwake ni akili timamu.

Usingizi usidharauliwe. Miaka 3 hadi 5 huhitaji saa 10 hadi 13 kwa siku, pamoja na ule wa mchana. Miaka 6 hadi 12, saa 9 hadi 12. Anayeamshwa saa 11 alfajiri kwenda shule awe amelala kufikia saa 2 usiku. Damu pungufu nayo huondoa umakini, na malaria ya mara kwa mara huipunguza, jambo la kawaida mkoani Kigoma. Mpe dagaa na mboga za majani, chai isinywewe pamoja na chakula kwa sababu huzuia madini ya chuma kufyonzwa.

Mpeleke kituo cha afya kama kutotulia kumezidi kwa mbali wenzake wa rika lake, kumedumu zaidi ya miezi 6, na kunaonekana nyumbani na shuleni pia. Usingoje miezi hiyo kama amewahi kupata malaria kali yenye degedege, au kama anakodoa macho ghafla kwa sekunde chache, haitiki, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Hiyo inaweza kuwa kifafa. Omba na masikio yapimwe, hasa kama yanatoa usaha. Wapo watoto wanaochapwa kwa kutosikiliza ilhali hawasikii.