Mteja Atarudi Lini? Jinsi ya Kuchagua Huduma ya Kuanza Nayo

Mtoto wa kaka yangu alinijia mtaani Free Area, Nakuru, mwezi wa pili akitoka Njoro, daftari mkononi. Ndani alikuwa ameandika biashara 11: kuosha makochi, kufua nguo, kuosha viatu vya raba, kinyozi, kuwajazia watu ritani za kodi za KRA, kunyunyizia kunguni dawa, kufyeka nyasi, kuosha matangi ya maji, kupaka kucha, kupeleka gesi majumbani, kupiga picha. "Shangazi," akasema, "zote naona ni nzuri. Sijui nianze na ipi."

Tulikaa mezani tangu saa nane mchana mpaka giza likaingia. Naandika hapa tulivyofanya kwa sababu vijana wengi wa Nakuru huniuliza swali hilo hilo, na mimi nilipoanza sikuwa na wa kumuuliza.

Sikumwambia tutafute yenye faida kubwa. Nilimwambia aandike mbele ya kila wazo jibu la swali moja: mteja akishanilipa leo, atarudi lini?

Wa nguo anarudi wiki ijayo, kwa maana nguo huchafuka hata mwezi ukiwa mgumu. Wa kinyozi, wiki mbili au tatu. Wa zulia, miezi mitatu au minne. Wa kochi, mwaka, na wengi hungoja Krismasi ikaribie. Wa kunguni ukimfanyia kazi safi hakuiti tena. Wa ritani anakuja mara moja kwa mwaka, halafu wanakuja wote pamoja, kwa sababu siku ya mwisho ni tarehe 30 Juni na faini ya mtu binafsi aliyechelewa inaanzia shilingi 2,000. Wiki hiyo saiba, yaani maduka ya intaneti, zina foleni hadi nje. Julai ikifika, unakula nini?

Sasa shika kalamu, hapa ndipo penye kazi. Tuseme unataka ubakiwe na shilingi 15,000 kwa mwezi. Bei ninazotaja ni za mtaa wangu, wewe weka za kwako. Kochi la watu saba naosha kwa 2,100, yaani 300 kila kiti. Nikitoa sabuni, maji na boda nabaki na kama 1,300. Ili nifike 15,000 nahitaji makochi 12 kwa mwezi. Kufua nguo za nyumba moja ni 400. Maji na sabuni ni vya mwenye nyumba, kwa hiyo ukitoa nauli na chai unabaki na 330.

Ukiangalia haraka utasema kochi ndilo lenye pesa, maana kazi moja inalipa karibu mara nne ya ile nyingine. Lakini mwenye kochi hakuiti mwezi ujao. Mwezi ujao itabidi upate wengine 12, na ule wa baadaye 12 wengine, mpaka mwaka ukiisha uwe umebisha hodi na kukubaliwa katika nyumba 144. Mwenye nguo anakuita mara nne kwa mwezi. Nyumba yake peke yake inakuletea 1,320, na nyumba 12 zinakuletea 15,840. Nyumba zile zile 12, mbili kwa siku, Jumatatu hadi Jumamosi.

Kijana alirudia hesabu hiyo mara mbili kwa simu yake, kisha akachora mstari juu ya makochi, kunguni, matangi na ritani. Hakuzitupa. Alizihamishia ukurasa wa nyuma, kwa sababu ukishakuwa na nyumba 12 zinazokuamini, ni hizo hizo zitakazokupa makochi yao Desemba ikifika. Mimi siku hizi naosha makochi na mazulia tu, na karibu wateja wangu wote wa kwanza nilikuwa nikiwafulia nguo. Anayeanza hana jina, na kazi inayomchosha kuliko zote ni kumfanya mtu asiyemjua amfungulie mlango. Basi chagua kazi ambayo mlango mmoja ukifunguliwa unakulisha mara nyingi.

Hilo nilichelewa kulijua. Mwaka 2018 jirani aliniambia kwenye mazulia kuna pesa, nikakopa kwenye chama na kununua mashine ya presha kwa 38,000 kabla sijaosha hata zulia moja la mtu. Mwenye ploti hakutaka maji yake yatumike kwa biashara. Wateja wenyewe sikuwa nao. Mashine ilikaa chini ya kitanda miezi mitano, mimi nikiuza sukuma wiki ili nilipe chama, na mwishowe nikaiuza 21,000. Nililia siku hiyo. Ndiyo maana nawasihi: wazo lolote linalodai mashine kabla ya mteja, lingoje. Karibu kila huduma ina njia ya kuianza kwa mikono, na mikono ndiyo itakayokufundisha kazi.

Zulia la kwanza nililoosha baada ya hapo lilikuwa la futi 5 kwa 8, la mama mmoja wa mtaa wa Section 58. Udongo wetu huku ni wa majivu ya volkano, mwepesi, na Januari upepo ukivuma unaliona vumbi likielea juu ya barabara na kuingia hadi kabatini. Mimi nikamwaga maji moja kwa moja. Vumbi lote likageuka tope ndani ya nyuzi. Nilisugua tangu asubuhi mpaka saa saba na maji bado yanatoka rangi ya kakao. Yule mama akaja akasimama kando yangu, akasema, "Mwanangu, vumbi hutolewa kavu." Akaniletea fimbo. Tangu siku hiyo zulia nalitundika kwanza, nalipiga kwa upande wa nyuma mpaka likome kufuka, ndipo nachukua ndoo. Maji yalipungua kwa nusu, na sabuni vilevile. Hicho ndicho nilichokuwa nimekosa nilipokwenda kununua mashine.

Turudi kwenye daftari. Yalikuwa yamebaki mawazo saba, tukayapitisha kwenye mvua. Masika yetu ni Aprili na Mei, na Agosti nayo hapa Nakuru hunyesha sana. Jiulize: ikinyesha siku tatu mfululizo, kazi itakwenda? Mimi niliwahi kumrudishia mtu zulia lililokaa siku tatu bila jua, likiwa na harufu, akakataa kulipa, na alikuwa na haki. Kufyeka nyasi kunapata kazi nyingi wakati wa mvua lakini kiangazi nyasi hazioti, tukaifuta. Shati hukauka barazani. Raba pia, tena mvua ndiyo inayozichafua.

Halafu umbali. Kutoka Lanet mpaka Kiamunyi ni kuukata mji wote kutoka upande mmoja hadi mwingine, na boda ya kwenda na kurudi inaweza kumeza faida yote ya kazi ndogo. Kazi ya kwanza iwe ya wateja unaowafikia kwa miguu. Kwa hilo gesi ilifutwa, maana yeye hana pikipiki na mitungi haibebwi begani kila siku. Kinyozi na kucha zilidai chumba cha kukodi, picha zilidai kamera. Zikabaki nguo na raba.

Hapo funga daftari, toka nje. Nilimtuma Njoro akazunguke ploti wanazokaa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Egerton, Jumamosi mbili, saa moja mpaka saa nne asubuhi, asiuze chochote, ahesabu tu. Aliwakuta mama fua tisa kazini. Akanipigia simu amevunjika moyo: "Shangazi, nimechelewa, wamejaa." Nikamwambia hizo ni habari njema. Pale penye watu tisa wanaolipwa, pesa ipo. Mtaa ambao hakuna anayefua kwa malipo ndio wa kuuogopa. Awasalimie, awaulize kwa heshima ni kazi gani wanaikataa, maana wale ni mama zake na hakwenda kuwanyang'anya. Wakamwambia wenyewe: mablanketi mazito hawayataki kwa sababu ya mgongo, na raba nyeupe hawazipendi kwa sababu zikibadilika rangi kidogo wanafunzi huzozana nao.

Basi kazi yake ikajitokeza: raba, na blanketi juu yake. Nilimuuliza wanafunzi wakifunga chuo atamwoshea nani. Alikuwa amefikiria: walimu wa shule za karibu, na wenye maduka, hawaendi likizo. Nikaridhika.

Jaribio lisizidi wiki mbili wala shilingi 1,500. Yeye alinunua mabeseni mawili, brashi ngumu na ya meno, sabuni ya unga, kamba na vibanio, akabaki na chenji. Sheria niliyompa ni asifanye hata jozi moja ya bure. Rafiki akioshewa bure atakusifu, na sifa hiyo haikuambii kama angetoa pesa. Taja bei, nyamaza, ungoje. Akisita, muulize angelipa ngapi, uandike. Na usikope kwa ajili ya jaribio. Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali, tangu ilipozinduliwa mwishoni mwa Novemba 2022, inatoa mkopo wa mtu binafsi kuanzia shilingi 500 kwa riba ya 8% kwa mwaka, riba nafuu, lakini mkopo huo unatakiwa uurudishe ndani ya siku 14, na siku 14 ni chache kwa mtu ambaye hajui bado kama kuna anayetaka raba zake zioshwe.

Kitu cha watu ukikishika, kipige picha mbele ya mwenyewe kabla hakijagusa maji. Kila doa, kila mpasuko. Hesabu nguo mkiwa wawili, pekua mifuko mkiwa wawili. Niliwahi kudaiwa hereni ambayo sikuiona, na sikuwa na la kujitetea. Nyumba ile na majirani zake watatu wakanipotea kwa wiki moja.

Karatasi zingoje jaribio liishe, zisingoje zaidi. Kusajili jina la biashara kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kulinigharimu shilingi 950. Leseni ya kaunti kaulize ofisini kwao kabla ya kukodi chumba, kwa sababu bei hufuata aina ya kazi na ukubwa wa mahali. Kodi ya mauzo ya 3% ni ya anayeuza zaidi ya milioni moja kwa mwaka, lakini andika kila shilingi kuanzia siku ya kwanza ujue umefika wapi.

Wiki mbili zikaisha. Kijana alikuwa ameosha jozi za watu saba, na watatu walikuwa wamerudi. Alifurahia wale watatu. Nilimtuma kwa wale wanne. Nilimwambia asiende kuomba kazi, aende kuuliza kwa nini tu, na asijitetee. Wawili walisema hawana pesa mpaka mwezi ujao. Mmoja hakuwepo. Wa nne alimwonyesha raba zake: zilikuwa zimekauka na mstari wa manjano pembeni, juu kidogo ya soli.

Mstari huo ni sabuni iliyobaki kwenye kitambaa ikapigwa na jua. Nikamwelekeza asuuze mara tatu, maji mapya kila mara, kisha azifunge raba zote kwa tishu nyeupe zingali na maji na aziweke kivulini. Uchafu unaobaki unahamia kwenye tishu. Na raba za yule wa nne azichukue tena, azirudie bila malipo, kwa kuwa hiyo ni kazi aliyokwisha kulipwa.

Jana jioni amenitumia picha. Jozi nne zimepangwa barazani kivulini, zimefungwa tishu kila moja, na ya kwanza kushoto ni ya yule wa nne.