Je, kuloweka mahindi kunaharakisha kuota? Jaribio la vikopo 10, hatua kwa hatua

Mkulima aliyeloweka mahindi usiku kucha kabla ya kupanda huyaona yakichomoza mapema kuliko ya jirani. Huenda ni kweli. Ila jirani alipanda mbegu nyingine, kwenye udongo mwingine, pengine hata siku nyingine, kwa hiyo kutazama tu hakutoshi kusema ni maji yaliyofanya kazi. Jaribio hili ni la gharama ndogo na linachukua siku 8. Lina mtego mmoja unaonasa wengi, nao uko kwenye hatua ya 1.

Vifaa

Mbegu za mahindi zipatazo 250 kutoka mfuko mmoja, vikopo 10 vya plastiki vya ukubwa mmoja vyenye mifuniko, vikombe 5, tishu, bomba la sindano la ml 20 lisilo na sindano, kibano, rula, sinia, daftari na kalamu ya wino.

Mbegu ziwe hazijapakwa dawa. Zile za duka la pembejeo zenye rangi kali zimepakwa dawa ya ukungu au ya wadudu. Ukiziloweka, dawa inaoshwa, na hapo umebadilisha vitu 2 kwa mpigo. Matokeo yakitofautiana hutajua ni kwa sababu ya maji au ya dawa.

Hatua ya 1: Amua saa inaanza kuhesabiwa wapi

Mbegu zilizolowekwa kwa muda wa saa 12 zikiwekwa kwenye tishu mbichi pamoja na zile kavu, zinakuwa tayari zimekunywa maji saa 12 zaidi. Lazima zitangulie. Kutangulia huko si ushahidi kwamba zinaota haraka. Zimeanza safari mapema tu.

Kuna maswali 2 tofauti hapa. Mkulima anauliza: tangu siku ya kupanda, zipi zitachomoza kwanza? Kwake saa inaanza mbegu zinapoingia kwenye kikopo. Anayetaka kujua kama kuloweka kwenyewe kuna nguvu ya ziada anahesabu tangu mbegu zilipogusa maji kwa mara ya kwanza. Andika swali lako daftarini kabla ya kuanza. Ukichagua baada ya kuona matokeo, utachagua lile linalokupendeza.

Andika pia maana ya "kuota". Tumia hii: mzizi wa kwanza umetokeza angalau mm 2. Bila kipimo hicho, asubuhi utakuwa mkali na jioni utakuwa mpole.

Hatua ya 2: Gawa mbegu kwa kura

Ondoa zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu. Changanya zilizobaki vizuri, kisha hesabu mafungu 10 ya mbegu 20. Ndipo upige kura: vikaratasi 10, vitano "loweka", vitano "kavu". Usipange mafungu ya kulowekwa kwanza halafu ya kavu, maana mkono huanza kuokota mbegu kubwa nzuri bila mwenyewe kujua.

Hatua ya 3: Loweka kila fungu peke yake

Kumwaga mbegu zote 100 kwenye bakuli moja ni rahisi, na ndiko kunakoharibu. Bakuli likiwa na mabaki ya sabuni, mbegu zote 100 zimeathirika pamoja. Unadhani una marudio 100, yaani jaribio lilelile limerudiwa mara 100 kila moja peke yake, kumbe unalo 1. Kinachohesabika kama rudio ni chombo, si mbegu.

Kwa hiyo vikombe 5, kila kimoja mbegu 20 na maji ml 50 ya chanzo kimoja. Anza 18:00, maliza 06:00. Usipitilize: mbegu iliyozama muda mrefu hukosa hewa na huanza kuoza.

Hatua ya 4: Panga vikopo

Tandika kila kikopo tishu kwa tabaka sawa na uweke maji ml 15. Ukikiinamisha, maji yasituame. Yakituama, yamwage na upunguze kiasi hichohicho kwa vikopo vyote. Saa 06:00 weka mafungu yote 10, funika bila kukaza. Mbegu kavu zitavuta maji mengi kutoka kwenye tishu, kwa hiyo kagua kila siku. Kimoja kikihitaji ml 5, vyote vinapata ml 5.

Vipe vikopo namba 1 hadi 10 kwa kura, na karatasi inayoonyesha kipi ni kipi ikae kwa mtu mwingine. Vyote vikae kwenye sinia moja, mbali na jiko na jua la dirishani. Geuza sinia kila asubuhi.

Hatua ya 5: Hesabu na andika

Hesabu kila siku 06:00 na 18:00. Mbegu iliyoota itoe kwa kibano ili isihesabiwe mara mbili. Andika papo hapo, hivi:

*Kikopo 7, siku ya 3, 06:00: mpya 9, jumla 13, ukungu 1.*

Andika saa kwa mtindo mmoja. Mmoja akiandika "saa 12" na mwenzake akafuata simu, asubuhi inageuka mchana na kosa la saa 6 linaingia bila mtu kuliona. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja unaosomeka, usifute.

Funga hesabu siku ya 7, ambayo maabara za mbegu pia huitumia kwa mahindi. Zilizoota na zisizoota katika kila kikopo lazima zijumlike 20. Zikiwa 19, kuna mbegu iliyotoka bila kuandikwa.

Hatua ya 6: Piga hesabu

Kwa kila kikopo, tafuta wastani wa saa za kuota: zidisha idadi ya mbegu mpya kwa saa zilizopita tangu ziingie kwenye kikopo, jumlisha, gawa kwa zilizoota. Mfano: 4 saa ya 48, 9 saa ya 60, 4 saa ya 72, 1 saa ya 84. Jumla ni 1,104. Gawa kwa 18, unapata kama saa 61. Usiandike 61.33, kwa sababu ulikuwa unatazama kila baada ya saa 12.

Tuseme vikopo vya kulowekwa vimetoa 43, 44, 45, 46, 47 na vya kavu 58, 58, 60, 61, 63. Wastani ni 45 na 60. Kwa mkulima, tofauti ni saa 15 na makundi hayagusani kabisa: kuloweka kunamfaa. Sasa hesabu tangu maji ya kwanza, yaani ongeza 12 kwa zilizolowekwa: 55 hadi 59, dhidi ya 58 hadi 63. Tofauti imebaki saa 3, na makundi yameingiliana. Hapo andika kwamba nguvu ya ziada haijathibitika.

Ukitaka kuibana hiyo tofauti ya saa 3, tumia vikopo 10 kila upande na uhesabu kila baada ya saa 6. Kujaza mbegu 40 ndani ya vikopo vilevile 5 hakutakusogeza mbali.