Namna ya kulinganisha minara ya ofisi ya Kanada bila kubebwa na tambo

Calgary na Edmonton, miji miwili ya jimbo la Alberta, ni watani wa jadi. Hukutana kwenye hoki ya barafuni, Flames dhidi ya Oilers, na nje ya uwanja hutambiana kwa mita za maghorofa. Toronto na Montreal nazo zilivutana hivyohivyo kwa miaka mingi, na gharama za ubishi zikilipwa na benki. Ukitaka kuandika kuhusu majengo haya au kuandaa ziara ya kuyatembelea, utakutana mapema na madai ya "refu kuliko yote". Mengi ni ya kweli, lakini kwa masharti ambayo anayetamba hayataji. Kazi yako ni kuyatafuta masharti hayo.

Urefu upi?

Vigezo vinavyotumika sana ni vya CTBUH, baraza la majengo marefu lenye makao yake Chicago. Vipimo ni vitatu: hadi kilele cha usanifu, hadi sakafu ya juu kabisa inayotumiwa na watu, na hadi ncha ya chochote kilichosimikwa juu ya paa. Vyote huanzia kwenye mlango mkubwa wa chini kabisa ulio nje, ambao watu huingilia kwa miguu. Nafasi za "refu zaidi" hupangwa kwa kipimo cha kwanza. Spaya, yaani ncha nyembamba iliyochongoka juu ya jengo, inahesabiwa ikiwa ni sehemu ya mchoro wa msanifu. Antena na mlingoti wa bendera havihesabiwi.

Jaribu vigezo hivyo kwa First Canadian Place ya Toronto, iliyokamilika 1975. Paa lake liko mita 298. Ukisoma mita 355, ujue mwandishi amejumlisha antena. Montreal kuna mtego mkubwa zaidi: 1000 de La Gauchetière ina mita 205, na 1250 René-Lévesque, ya mwaka uleule wa 1992, ina paa la mita 199 lakini spaya yake inafika mita 226. Kwa paa anashinda wa kwanza, kwa spaya anashinda wa pili. Andika kipimo ulichotumia kabla ya kuandika jina la mshindi.

CN Tower ya Toronto, mita 553.3, iweke kando. Ili kitu kiitwe jengo, angalau nusu ya urefu wake iwe na sakafu zinazotumika, na mnara huo hauna. Calgary Tower ya 1968, mita 191, nayo ni hivyohivyo. Jihadhari pia na jina: Edmonton ina CN Tower yake, jengo la kawaida la ofisi la 1966 lenye mita 111. Utafutaji wa haraka huyachanganya mawili hayo bila huruma.

Ndani kuna nini?

Hapa ndipo ubishi wa Alberta unapolala. Brookfield Place East ya Calgary, iliyokamilika 2017, ina mita 247 na ghorofa 56, zote za ofisi isipokuwa za mitambo na za maduka. Stantec Tower ya Edmonton ilikamilika 2019 ikiwa na mita 251 na ghorofa 66, na wakati huo halikuwepo jengo refu kuliko hilo nchini Kanada nje ya Toronto. Lakini ofisi zake ziko sehemu ya chini. Kuanzia karibu katikati kwenda juu ni makazi. Basi Edmonton inasema kweli ikidai jengo refu, na Calgary inasema kweli ikidai jengo refu la ofisi. Wanaobishana usiku kucha wanabishana juu ya maswali mawili tofauti.

Kanuni ya kuainisha ni hii: jengo huitwa la ofisi iwapo asilimia 85 au zaidi yake ni ofisi. Chini ya hapo, ni la matumizi mchanganyiko.

Usilinganishe kwa idadi ya ghorofa. Gawanya mita 247 kwa 56 upate takriban mita 4.4 kwa ghorofa. Gawanya 251 kwa 66 upate 3.8. Tofauti hiyo ina sababu. Sakafu ya ofisi huhitaji nafasi juu ya dari kwa mabomba ya hewa na nyaya, na mara nyingi chini ya miguu pia, wakati sakafu ya makazi hubanwa. Ndiyo maana mnara wa makazi wenye ghorofa nyingi unaweza kuwa mfupi kuliko wa ofisi wenye chache.

Mji ulikuwa na ruhusa ya kwenda juu kiasi gani?

Swali hili hurukwa na wengi, nasi tunaliona kuwa ndilo lenye uzito kuliko mengine. Kwa miongo mingi Edmonton ilikuwa na uwanja wa ndege karibu na katikati ya mji, na njia za kutua ziliwazuia wajenzi kupita takriban mita 150. Tazama matokeo: Manulife Place ya 1983 ina mita 146, na Epcor Tower ya 2011 ina mita 149. Uwanja ulifungwa Novemba 2013, na miaka sita baadaye ikasimama Stantec Tower. Ukiitazama Edmonton ya zamani na kusema haikuwa na tamaa, umeuhukumu mji kwa kosa la ndege.

Montreal ina dari lake: hakuna jengo linaloruhusiwa kupita kilele cha Mont Royal, mita 232.5 juu ya usawa wa bahari. Angalia vizuri, ni usawa wa bahari, si usawa wa barabara. Kiwanja kikiwa juu zaidi, jengo linalobaki ni fupi zaidi. Vancouver hulinda mandhari ya milima kwa njia za macho zilizopitishwa 1989, Halifax hulinda mtazamo wa kutoka ngome ya Citadel tangu 1974, na Ottawa kwa muda mrefu haikutaka kitu kishindane na Bunge. Toronto haikuwa na kizuizi cha namna hiyo kwenye mtaa wake wa mabenki, na inaonekana.

Weka mwaka kwenye kila dai

Commerce Court North ya Toronto, mita 145, ilikamilika 1931 na ikashika nafasi ya kwanza katika Jumuiya ya Madola hadi 1962. Mwaka huo Montreal iliipita mara mbili kwa mkupuo: Place Ville Marie ya benki ya Royal Bank mita 188, mnara wa benki ya CIBC mita 187. Mita moja tu kati ya benki mbili pinzani. Toronto ilijibu 1967 kwa mnara wa benki ya TD uliosanifiwa na Mies van der Rohe, mita 223, kisha Commerce Court West 1972, mita 239, kisha First Canadian Place. Dai lisilo na mwaka halina maana.

Majina pia hubadilika pamoja na wapangaji na wamiliki. Suncor Energy Centre ya Calgary iliitwa Petro-Canada Centre ilipofunguliwa 1984. Picha nazo zina umri wake: First Canadian Place ilivikwa marumaru ya Carrara, bamba moja likaanguka 2007, na kati ya 2009 na 2012 marumaru yote yakabadilishwa kwa vioo vyeupe. Picha yenye marumaru ni ya kabla ya hapo.

Ukitaka kupima mwenyewe

Tumia programu ya simu ya kupimia pembe. Simama umbali unaojulikana, elekeza kileleni, soma pembe, zidisha umbali kwa tanjenti ya pembe, kisha ongeza urefu wa macho yako kutoka ardhini. Kwa The Bow ya Calgary, ukiwa mita 300 na macho yakiwa mita 1.6, pembe inapaswa kuwa nyuzi 38: 300 × 0.7813 = 234.4, jumlisha 1.6, unapata 236, ambao ndio urefu wake.

Sasa kosea kwa nyuzi moja tu. Kwa nyuzi 39 unapata mita 244.5, yaani umeongeza mita nane na nusu. Kosa la nusu nyuzi ni kama mita 4, na pengo lote kati ya Brookfield Place na Stantec Tower ni mita 4. Simu haitamaliza ubishi huo. Itakusaidia kugundua tu kwamba mtu amejumlisha antena.

Makosa mengine hutoka ardhini. Ukikosea umbali kwa mita 5, jibu linapotoka kwa karibu mita 4. Umbali upimwe hadi chini ya ncha unayoilenga, si hadi ukutani. The Bow imepinda kama upinde, kwa hiyo ukuta ulio karibu nawe huenda usiwe ule ulioulenga. Na usipimie bondeni. Mto North Saskatchewan unapita chini sana kuliko katikati ya Edmonton, na pembe utakayoipata huko itaupa mnara mita za kilima.

Kabla ya kutangaza mshindi

Uliza pia kama jengo lina watu. Bei ya mafuta iliposhuka kuanzia 2014, zaidi ya robo ya nafasi ya ofisi katikati ya Calgary ilibaki tupu, na 2021 mji ulianza kuwalipa wamiliki dola 75 za Kanada kwa kila futi ya mraba watakayoigeuza kuwa makazi. Ubadilishaji huo huliondoa jengo kwenye orodha ya ofisi bila kupunguza hata sentimita moja, kwa hiyo orodha yako ikaguliwe upya kila mwaka. Sentensi salama ina mambo manne: kipimo, matumizi, eneo na mwaka. Kwa mfano: "Kwa kilele cha usanifu, Brookfield Place East lilikuwa jengo refu kuliko yote ya ofisi nchini Kanada magharibi mwa Toronto lilipokamilika 2017." Mtu wa Edmonton ataisoma, atanuna, lakini hatapata pa kuishika.