Chora safari kwanza, beti zije baadaye

Kwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Mtwara anayetaka kuendesha warsha ya ushairi na uchoraji kuhusu safari, nashauri watoto waanze na picha. Mpe kila mwanafunzi nusu ya karatasi ya manila, achore njia moja anayoifahamu, hata kama ni ile ya kutoka nyumbani hadi feri, kisha aandike pembeni mwa kila kituo vitu alivyovisikia au kuvinusa pale: honi ya basi, dagaa wanaoanikwa, mikorosho iliyochanua. Maneno hayo ndiyo mtaji wa shairi.

Vina visidaiwe siku ya kwanza, kwa sababu mtoto anayetafuta kina huiacha safari yake na kuandika lolote linaloishia na "-ni". Mizani, kinyume chake, huwafurahisha mapema, hasa wakipiga kofi kwa kila silabi: "Tulitoka Mikindani, jua halijachomoza" hutoa makofi manane kila upande wa mkato, na atakayepunguza silabi atasikika darasa zima.

Wasiowahi kusafiri mbali wawahoji wazee wao, ambao wengi wanakumbuka foleni ya kivuko cha Rufiji kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003. Darasa likiwa kubwa, kundi la watoto wanne litunge ubeti mmoja, kila mtoto mshororo wake, na ubandikwe chini ya mchoro wao. Rangi zikikosekana, mkaa unatosha.