Roboti Jikoni kwa Dani: Namna ya Kuandika Hadithi Yake

Anza na sufuria kabla ya kuanza na mashine. Mwandishi anayefungua hadithi kwa kueleza nyaya na betri humchosha msomaji kabla hajajua yuko nyumbani kwa nani, ilhali anayefungua kwa ugali unaosongwa jioni moja huko Nyalenda, mtaa wa Kisumu, watoto wakigombania ukoko, amekwisha kujenga nyumba ambayo kila aingiaye, awe wa damu au wa chuma, atajulikana kwamba ni mgeni.

Chagua chakula kimoja ukijue vizuri. Kwa hadithi ya Kisumu ningechagua omena, yaani dagaa wa Ziwa Victoria, kwa sababu wana kazi nyingi: huvuliwa usiku wa giza kwa taa zinazowavuta juu ya maji, huanikwa juani, huoshwa kwa maji moto ili mchanga utoke, kisha hukaangwa na kuungwa kwa vitunguu na nyanya. Kila hatua inaweza kuipa roboti kosa la kufanya. Lipo lile la kupima joto la mafuta na kutangaza kwamba omena wameiva, huku dani, yaani nyanya wa watoto na mwenye jiko, akikataa kwa kuwa bado hajasikia mlio anaoutaka. Lipo jingine ninalolipenda zaidi: mvua inashuka ghafla, majirani wanakimbia kuokoa omena walioanikwa, na roboti imesimama tu kwa kuwa haikutumwa. Atakayeikemea atalazimika kuamua kama anakemea kifaa au mtoto wa nyumba hiyo, na hadithi yako imeshaanza.

Usiipe roboti ulimi wala tumbo. Chakula chake ni stima, na stima hununuliwa kwa tokeni, kutoka katika mfuko ule ule unaonunua unga. Andika basi siku ambayo fedha zilizobaki zinatosha kimoja tu, unga au tokeni, na umwache dani agawe mbele ya watoto. Mabishano ya jioni hiyo yatafanya kazi ambayo kurasa kumi za maelezo kuhusu upendo kati ya watu na mashine haziwezi kuifanya.

Jina lije kwa desturi. Wajaluo humwita Otieno mtoto wa kiume aliyezaliwa usiku, na Okoth aliyezaliwa wakati wa mvua; kwa hiyo roboti iliyoshushwa kutoka kwenye bodaboda mvua ikinyesha itaitwa Okoth na watoto, kwanza kwa mzaha.

Baada ya jina, tumia ngeli. Mwanzoni kila mtu, pamoja na msimulizi, aseme "roboti imeleta maji". Kisha mtoto mdogo kuliko wote aseme "Okoth ameleta", na kaka yake anayesoma shule ya upili amsahihishe kwa kiburi cha mwanafunzi. Wengine wafuate mmoja mmoja, bila msimulizi kuligusia jambo hilo, na dani awe wa mwisho: usiku stima imepotea, roboti imezimika kando ya meko, naye aseme tu, "Okoth amelala, msimpige teke mkipita." Hapa waandishi wengi huteleza, kwa maana kiambishi "a-" huwatoka mapema bila wao kujua. Usomapo rasimu, pitia mara moja kwa ajili ya viambishi pekee.

Usifanye ukaribisho huo uwe mwepesi kupita kiasi. Mbuta, yaani sangara, ambaye leo huuzwa kando ya ziwa kama samaki wa nyumbani, aliingizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950, na alipozoea aliwamaliza fulu, samaki wadogo wa asili, wengi waliokuwemo kabla yake. Mhusika anayesafisha mbuta anaweza kulitaja hilo akiitazama roboti. Je, kabla ya roboti nani alikuwa akichota maji na kuosha vyombo katika nyumba hii? Kama ni binti aliyelipwa kwa mwezi, mlete siku moja wakati wa chakula, na uandike anapoketi, maana kigoda chake sasa kina mwingine.

Rasimu ikiisha, mpe mtu aliyekulia kando ya ziwa na anayepika mwenyewe. Yale ya roboti huenda akayaacha yapite, lakini omena wasiooshwa vizuri atawazungushia kalamu tangu ukurasa wa kwanza.