Una VVU na unawaza mtoto? Anzia kwenye karatasi ya wingi wa virusi

Kuna swali huwa linaulizwa mlangoni, mtu ameshachukua dawa zake za miezi sita, anatoka, afu anageuka nusu anauliza kwa sauti ya chini, hivi sisi tunaruhusiwa kuzaa?

Unaruhusiwa. Si Tanzania si Kenya, hakuna sheria inayokukataza, na hakuna nesi wala daktari mwenye haki ya kukufunga kizazi bila ridhaa yako. Kenya kuna wanawake wenye VVU walifanyiwa hivyo, wakaenda kortini 2014 na Desemba 2022 Mahakama Kuu ikawapa haki yao. Kwaiyo hilo la ruhusa liweke pembeni, kinachobaki ni kama we mwenyewe unamtaka huyo mtoto au wanaomtaka ni mawifi, na kama unamtaka, unaanzia wapi.

Wengi wanaanzia kwenye hofu, au kwenye umri, "nimefika 36 jamani". Mi nasema anzia kwenye karatasi ya kipimo cha wingi wa virusi. Nenda CTC, kliniki unayochukulia dawa za VVU (Kenya wanaita CCC), waambie wazi nataka kubeba mimba, naomba kujua kipimo changu cha mwisho kilisomaje na cha tarehe ngapi. Usikubali kujibiwa "upo vizuri" ukaondoka, omba namba. Ukikuta chini ya 50, au wameandika TND, au LDL kwa wa Kenya, maana yake virusi havionekani kwenye damu na kwa njia ya ngono humwambukizi mwenzio. Ukikuta maelfu, basi mtoto anasubiri kidogo, sio kwamba amekataliwa, unarekebisha unywaji wa dawa au unabadilishiwa dawa, unapimwa tena, na ni vizuri hali ya kutoonekana iwe imekaa miezi 6 hivi kabla hujaacha kondomu.

Kwanini nang'ang'ania hiyo namba? Kwa sababu ndo inaamua karibu kila kitu kinachofuata. Bila dawa kabisa, katika watoto 100 wanaozaliwa na mama mwenye VVU wanaoambukizwa ni kati ya 15 na 45, wengine tumboni, wengine wakati wa kuzaliwa, wengine kwenye ziwa. Mama akinywa dawa vizuri wanashuka chini ya 5, na yule aliyeanza dawa kabla ya mimba na virusi havikuonekana muda wote, hatari ya tumboni na kujifungua inakuwa chini ya mmoja katika mia. Kwenye kunyonyesha inabaki ndogo sana ila siwezi kukwambia ni sifuri, hiyo sifuri ni ya ngono.

Sasa mwenzio. Kama wote mna VVU kila mtu awe na karatasi yake. Kama mmoja hana, na mwenye nacho virusi havionekani, mnatafuta mimba kwa njia ya kawaida tu, mnalenga zile siku za rutuba, kwa mwenye mzunguko wa siku 28 ni kama siku ya 10 mpaka ya 15 ukihesabu kuanzia siku ya kwanza ya hedhi. Asiye na VVU akitaka kinga ya ziada kuna PrEP, dawa anazotumia asiye na VVU ili asiambukizwe, aulize hapohapo kliniki. Na kama mwanamke ndo mwenye VVU na bado mna wasiwasi, kuna njia ya nyumbani ambayo watu wanaionea aibu bure, mwanaume anatoa mbegu kwenye kondomu isiyo na dawa ya kuua mbegu, zinavutwa na bomba la sindano lisilo na sindano, zinawekwa ukeni. Muombe mhudumu akuelekeze vizuri, hatashangaa.

Ila hayo yote yanataka mwenzio awe anajua. Najua kuna wanaomeza vidonge bafuni, kopo wamelibandua lebo, na wanapanga kubeba mimba hivyohivyo. Sikuhukumu, kuna nyumba ukisema unatolewa nje usiku huohuo, na kama yako ni ya hivyo usalama wako kwanza. Lakini ukweli ni kwamba mimba ya kuficha inachosha, kuna kliniki, kuna dawa ya mtoto, kuna kuchomwa kisigino, utasema uongo mpaka uchoke. Unaweza kumpeleka mkapime wote kama mnaanza upya na mshauri akawa katikati yenu, wamezoea kufanya hivyo.

Dawa zenyewe: wengi sa hivi mpo kwenye TLD, kile kidonge kimoja chenye dawa tatu za VVU, mojawapo dolutegravir. Kuna ule uvumi kwamba inaharibu mgongo wa mtoto, haukutoka hewani, 2018 kulikuwa na taarifa ya awali kutoka Botswana iliyoleta wasiwasi na wanawake wengi wakazuiwa hiyo dawa, ila data zilivyoongezeka ule utofauti ukapotea na kuanzia 2019 WHO inaipendekeza hata kwa wanaotaka kuzaa. Kwaiyo usije ukaacha dawa eti nimepata mimba, hapo ndo unamweka mtoto kwenye hatari hasa. Foliki asidi ianze kabla ya mimba, miezi mitatu hivi. Na hiki hakisemwi sana kliniki: vidonge vya kuongeza damu na vya kalsiamu vinaizuia TLD isifyonzwe vizuri. Ukivimeza pamoja, viwe pamoja na chakula, sio tumbo tupu. Kama hutaki kula, meza TLD kwanza na hivyo vingine baada ya masaa mawili. Mwambie nesi wa kliniki ya wajawazito kwamba uko kwenye TLD, asikupe FEFO (hivyo vidonge vya kuongeza damu) kimyakimya.

Kujifungua jifungulie hospitali, ukiwa umefubaza virusi vizuri VVU peke yake sio sababu ya kupasuliwa.

Afu inakuja wiki ya bibi. Yani mtoto kazaliwa salama, umetoka hospitali, mama mkwe kafika na begi na maji ya gripe, "huyu mtoto ana kiu". Hapa ndo pa kukaza. Miezi 6 ya mwanzo ziwa tupu, hakuna maji, hakuna uji mwepesi, dawa alizoandikiwa hospitali tu ndo anapewa. Kuchanganya ziwa na vitu vingine mapema kunaumiza utumbo wa mtoto na virusi vinapata njia. Huhitaji kumwambia bibi hali yako, mwambie daktari amekataza, hata wasio na VVU wanaambiwa hivyohivyo. Baada ya miezi 6 unaanza vyakula huku unaendelea kunyonyesha, na we unameza dawa zako bila kuruka.

Mtoto atapewa nevirapini ya maji, muda wake unategemea mwongozo wa nchi na wingi wa virusi vyako, vikiwa vilikuwa juu inaweza kuwa ndefu zaidi na dawa ya pili ikaongezwa. Wiki ya 4 mpaka 6 anachomwa kisigino, damu inadondoshwa kwenye karatasi, hicho ndo kipimo cha kweli cha umri huo. Usikubali mtu ampime kwa kile kipimo cha dakika 15 akiwa na miezi mitatu, kitasoma kinga zako we mama zilizobaki mwilini mwake na utalia bure. Atarudiwa kadri anavyokua, na jibu la mwisho linatoka akiwa na miezi 18 na ameshaacha ziwa.

Na kama umefika hapa ukaona hapana, au sio mwaka huu, nalo ni jibu, watoto hawazaliwi ili kuthibitisha kwamba we mzima. Ila upange uzazi kwa akili: kama bado uko kwenye dawa za zamani zenye efavirenzi, au unatumia dawa za TB, kijiti cha mkononi kinapungua nguvu na watu wanabeba mimba nacho. Muulize mhudumu kuhusu sindano au kitanzi, au kama tatizo ni efavirenzi na inafaa, uhamie TLD, ambayo haina ugomvi na kijiti.